Mzee Asiye na Cheki Namba



Tangu mwaka 2018 kurasa hizi zimetawaliwa na neno moja, nalo ni kikokotoo. Mifuko minne ya hifadhi, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ilipounganishwa kuwa PSSSF kwa Sheria Na. 2 ya mwaka ule, zikafuata kanuni zilizotaka mstaafu alipwe kwa mkupuo asilimia 25 tu ya mafao yake, haikuwapo ofisi mjini Dodoma wala wilayani ambamo watu hawakuweka kalamu chini wakapiga hesabu nyuma ya bahasha. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alizisimamisha kanuni hizo. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Na katika bajeti ya Juni 2024 wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu wakapandishwa hadi asilimia 40. Yote hayo tuliyaeleza hapa, nanyi mkatuletea barua, nyingine kali sana, ambazo Katibu anazo mpaka leo.

Hatusemi kwamba maneno yale yalikuwa ya bure. Mtu anayekatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri akatakiwa kumwongezea asilimia 15, ana haki kamili ya kuuliza fedha hizo zitamrudiaje. Lakini leo twawaomba mliweke jalada hilo kando kwa muda wa kusoma ukurasa huu tu. Iko hesabu nyingine ambayo haijapigiwa kelele hata robo ya ile, nayo ni hesabu ya watu wasio na mkupuo wala pensheni ya mwezi, kwa sababu katika maisha yao yote hawakupata kuwa na cheki namba.

Watu hao hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta, maana ni wazazi wetu wenyewe. Katika Sensa ya mwaka 2022 nchi yetu ilihesabiwa watu 61,741,120, na katika kila watu mia moja karibu sita walikuwa na umri wa miaka sitini au zaidi. Sehemu kubwa ya wazee hao wameishi kwa jembe na mifugo. Hapa Chamwino jembe lenyewe ni la uwele na mtama, katika nchi ambayo mvua huja mara moja kwa mwaka, na pengine huja nusu yake. Kijana mwenye nguvu akikosa mavuno huenda mjini kubeba zege, au huchoma mkaa. Mzee wa miaka 75 akikosa mavuno hukaa mlangoni pa tembe lake akingoja mtu apite. Tena wako wengi katika wilaya hii na jirani zetu wa Kongwa ambao macho yao yaliharibiwa na vikope tangu ujana, nao leo huongozwa kwa fimbo na mjukuu ambaye saa ile alipaswa kuwa darasani.

Fikirini jambo hili. Mwalimu aliyefundisha Buigiri miaka thelathini akistaafu hupokea pensheni, naye anastahili. Mkulima aliyelima jirani na shule ile miaka hiyo hiyo thelathini, aliyewauzia walimu mtama, akachangia mawe na mchanga darasa lilipojengwa, na akapeleka watoto wake kufundishwa humo, akizeeka hapokei kitu. Wote wawili walilitumikia taifa. Tofauti yao ni kwamba mmoja jina lake liliandikwa katika orodha ya mishahara, na mwingine halikuandikwa.

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inasema kwamba mamlaka ya nchi yataweka utaratibu wa kuifanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kujipatia elimu, na kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maneno hayo ni mazuri, na karani yeyote angependa kuyapiga chapa. Lakini asomaye ibara ya 7 ataona kwamba masharti ya sehemu ile hayawezi kudaiwa mahakamani. Maana yake, mzee akinyimwa hawezi kwenda mbele ya hakimu akasema, "Haki yangu iko wapi?" Ile ni ahadi, wala si deni. Mwenye kuahidiwa hana la kufanya ila kumkumbusha aliyeahidi, tena kwa adabu, na ndiyo kazi tunayoifanya leo.

Sasa twataka kueleza habari moja ambayo vijana walioajiriwa siku hizi yumkini hawaijui, nayo ilitokea katika wilaya hii hii. Mnamo Januari 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza kulipa fedha mkononi kwa kaya maskini kwa njia ya majaribio. Nchi nzima zilichaguliwa wilaya tatu tu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa katika uchunguzi. 40 vikaanza kulipwa na 40 vikangoja ili vilinganishwe. Kamati za vijiji zenyewe ndizo zilizowachagua walengwa na kuwagawia fedha. Kiwango kilipangwa kwa dola za Marekani: dola 3 kwa mwezi kwa mtoto aliye katika shida, na dola 6 kwa mzee wa miaka sitini na zaidi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Mtoto mdogo apelekwe kliniki, mwenye umri wa shule ahudhurie masomo, na mzee apimwe afya yake angalau mara moja kwa mwaka.

Wachunguzi wa Benki ya Dunia waliofuatilia jambo hili walitoa taarifa yao mwaka 2014. Walikuta kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga na mfuko wa afya ya jamii kuliko zile zilizongoja, watoto wao wadogo waliugua siku chache zaidi, na fedha ile ndogo ilinunua mbuzi na kuku na viatu vya watoto. Wako wenzetu ambao hata leo husema kwamba mzee akipewa fedha ataipeleka pombeni. Mwaka huo huo wachunguzi wa Benki ile ile walikusanya tafiti za nchi nyingi juu ya swali hilo, wasione kwamba fedha za namna hii huongeza ulevi. Basi anayetaka kuendelea kusema hivyo na aseme, ila asiseme kwamba ni jambo lililochunguzwa.

Jambo tunalotaka mlishike katika habari hiyo ni ule mstari wa dola 6. Katika majaribio yale mzee alihesabiwa kwa uzee wake. Alikuwa na fungu lake, kubwa mara mbili kuliko la mtoto, kwa kuwa mzee hana miaka ya kungoja. Mpango ulipopelekwa nchi nzima mwaka 2012, kwa jina la Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, fungu lile halikuonekana tena. Pakawa na fungu la msingi la Sh. 10,000 kwa mwezi kwa kaya, likaongezwa kwa sababu ya watoto, na kwa masharti ya shule na kliniki, mpaka kufikia Sh. 38,000. Kikongwe aliyeishi peke yake, asiye na mtoto wa kumpeleka kliniki wala shule, alibaki na kile cha msingi. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ilijaribu kurekebisha kidogo kwa kuzitazama kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi na zile zenye watu wenye ulemavu, nasi twashukuru. Hata hivyo kinachohesabiwa kingali ni kaya, wala si mzee.

Hapo ndipo penye fundo la mambo yote, na tutakaa hapo kidogo. Neno "kaya" ni rahisi kuandikwa katika fomu. Karani huuliza paa ni la nini, ukuta ni wa nini, kuna baiskeli, kuna redio, watu wangapi hulala ndani. Majibu yakaingizwa katika mashine, nayo ikatoa alama. Bibi wa miaka 80 ambaye mwanawe alimjengea chumba cha bati kabla ya kuhamia Dar es Salaam, akaacha kuleta habari, hupata alama za mtu mwenye uwezo. Bati lile haliliki. Mzee mwingine huishi katika nyumba ya mkwewe. Kaya ni ya mkwe, kadi ni ya mkwe, na fedha zikija, mzee hupata kile ambacho mkwe ataona kinafaa. Hatusemi kwamba wakwe wote ni wabaya. Twasema tu kwamba haki ya mtu isitegemee moyo wa mtu mwingine, kama ambavyo hakuna hata mmoja wetu angekubali pensheni yake ilipwe kwa mwenye nyumba aliyompangisha.

Kisha lipo neno jingine jipya, "kuhitimu". Kaya iliyolipwa kwa miaka kadhaa ikaonekana imeinuka huambiwa kwamba imehitimu, na hutolewa katika orodha ili nafasi ipatikane kwa wengine. Kwa mama mwenye nguvu aliyefungua genge na kufuga kuku jambo hilo lina maana, na pengine hata sherehe ingefaa. Lakini mzee wa miaka 78 atahitimu nini? Mwaka ujao atakuwa na 79. Uzee si darasa ambalo mtu hufaulu akatoka, na mradi wowote una mwanzo na mwisho na mfadhili anayehesabu miaka yake. Kinachomfaa mzee ni sheria na fungu katika bajeti ya kila mwaka, kama ilivyo pensheni ya mtumishi.

Wenzetu wa ng'ambo ya bahari, hapo Zanzibar, walilitazama jambo hili wakaamua kwa njia nyepesi. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 hupewa Pensheni Jamii. Haulizwi kama paa lake ni la makuti au la bati, haulizwi kama alikuwa askari au mvuvi. Huulizwa umri na makazi tu. Walianza na Sh. 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee, na baadaye zikapandishwa kuwa Sh. 50,000. Fedha hizo ni za Serikali yao wenyewe, wala si za mkopo. Wazee waliopokea mara ya kwanza walikuwa zaidi ya 20,000, na kisiwa hakikuzama. Kenya nayo tangu 2018 ilifungua malipo ya Sh. 2,000 za kwao kwa mwezi kwa watu wa miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii. Na Uganda, iliyoanza katika baadhi ya wilaya tangu 2011, imeeneza nchi nzima kwa wale wa miaka 80. Kila nchi imepasua kuni kwa shoka lililokuwa mkononi mwake.

Tukitazama mbali zaidi, Uingereza ilipitisha sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1908, na tangu tarehe 1 Januari 1909 mtu wa miaka 70 asiye na kipato alikwenda posta kupokea hadi shilingi tano kwa wiki, bila kuulizwa alichanga nini. Afrika Kusini iliwaingiza Waafrika katika pensheni ya wazee mwaka 1944, kwa kiwango cha chini kuliko cha Wazungu, jambo ambalo ni aibu, lakini hata katika aibu ile mlango ulifunguliwa.

Twajua majibu tutakayopewa, maana tumeyasikia katika mikutano yetu wenyewe. La kwanza ni kwamba wazee hao hawakuchangia. Wanachama wenye umri wataturuhusu tuwakumbushe kwamba hata mtumishi wa Serikali Kuu, mpaka Julai 1999, hakuwa akichangia pensheni yake. Ililipwa na Hazina kutoka katika kodi za wananchi. Na kodi hizo zilitoka kwa nani? Mkulima wa Manchali na wa Haneti alilipa kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Alikatwa ushuru kila alipouza karanga na alizeti, na kila anunuapo sabuni hulipa kodi ambayo haandikiwi risiti kwa jina lake. Basi amechangia. Alichokosa ni daftari la kuonyesha michango yake.

La pili ni kwamba nchi haina fedha. Hili ni zito zaidi, wala hatutalitania. Lakini nalo na lipigiwe hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Tuchukue kijiji ambacho kina wazee sitini waliotimiza miaka 70, na tuwalipe kile kiwango ambacho Zanzibar walianza nacho. Mara sitini ni Sh. 1,200,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni Sh. 14,400,000. Kwa bei ya gari moja jipya la ofisi, la aina tunayoijua sote, wazee hao wangelipwa zaidi ya miaka kumi. Tena fedha ile haiendi nje ya nchi. Hununua sukari katika duka la kijiji, hulipa mtu wa kulima nusu ekari, hununua daftari la mjukuu. Mwaka 2010, mwaka ule ule wa majaribio ya Chamwino, Wizara iliyohusika na kazi pamoja na shirika la HelpAge International walichapisha uchunguzi juu ya pensheni kwa wazee wote wa Tanzania. Kwa hiyo wazo hili si geni katika makabati ya Serikali, wala hatuombi jambo ambalo halijapata kufikiriwa. Twaomba jalada litolewe kabatini lipanguswe vumbi.

Sasa tugeukie upande wetu, maana ni rahisi kuielekeza Serikali kidole na kusahau kwamba mbele ya mwananchi wa kijijini Serikali ni yule karani aliyekaa dirishani. Zamani za kodi ya kichwa mzee asiyejiweza alikwenda bomani kuomba asamehewe, na karani ndiye aliyemfikisha mbele ya Bwana Shauri au akamwambia arudi kesho. Karani wa masijala leo aitwa mtunza kumbukumbu, jina refu kwa kazi ile ile, lakini nguvu ya neno "kesho" haijapungua. Kwa mtu mwenye pikipiki kesho ni kesho. Kwa mzee aliyetoka Mpwayungu kwa nauli ya kukopa kesho ni mwezi ujao, na pengine ni kamwe.

Mambo yanayomrudisha mzee dirishani tumeyaona kwa macho. Kwanza ni umri. Mtu aliyezaliwa kabla ya Uhuru hana cheti cha kuzaliwa. Atakuambia alizaliwa mwaka wa njaa iliyotangulia Uhuru, au alikuwa akichunga ndama mwaka wa mafuriko yaliyofuata. Kwa karani mwenye subira hiyo ni tarehe, maana njaa ile na mafuriko yale vinajulikana, 1961 na 1962. Kwa karani mwenye haraka hiyo ni hadithi, naye huandika mwaka wowote unaomjia, akimpunguzia mzee miaka kumi kwa mchoro mmoja wa kalamu. Kosa la namna hiyo likishaingia katika Kitambulisho cha Taifa, kulitoa ni safari ya mahakama ya kiapo na fomu na picha mpya. Pili ni vidole. Vidole vilivyoshika mpini wa jembe kwa miaka sitini havina mistari, na mashine huvikataa. Mwenye vidole hudhani ni yeye aliyekosea, akaomba radhi. Tatu ni jina. Bibi anayeitwa kwa jina la ubatizo kanisani, kwa jina la mumewe katika daftari la kijiji, na kwa jina la utotoni nyumbani, huonekana katika orodha kama watu watatu, nao wote watatu huondolewa wakati wa uhakiki. Twakumbuka kwamba mwaka 2016 maelfu ya kaya zilifutwa nchini kwa kuwa hazikuwa na sifa au hazikuwapo, na kufutwa kwa kaya hewa ni jambo jema. Ila hatuna budi kuuliza katika kila kijiji kama aliyefutwa alikuwa hewa kweli, au alikuwa kikongwe aliyelala hospitali ya Mvumi siku wahakiki walipopita.

Tena ipo simu. Malipo yalipohamishiwa katika simu na benki, vijana walifurahi, na ni kweli kwamba fedha haziibwi njiani kama zamani. Lakini mzee asiyeona hawezi kusoma ujumbe, na namba ya siri ikijulikana na mjukuu si ya siri tena. Mwanachama mmoja anayefanya kazi katika kata ya mbali alitueleza habari ya mzee aliyekuja ofisini kuuliza kwa nini fedha zimekoma kuja. Walipotazama, zilikuwa zikija kila mara kwa miezi minane. Mzee alinyamaza, kisha akaomba jina la aliyekuwa akizitoa lisitajwe, kwa sababu ndiye anayempikia. Mwanachama yule hakujua la kuandika katika kitabu cha malalamiko. Sisi pia hatujui, ila twaona kwamba ingefaa kila mzee wa namna hiyo awe na mwakilishi aliyekubaliwa mbele ya mkutano wa kijiji, atiaye sahihi kila anapopokea, na jina lake libandikwe ukutani watu walione.

Wala tusiwasahau wajane wa watumishi wenzetu, ambao kwa haki si watu wa kuomba hata kidogo. Mume akifa, mjane hutakiwa kuleta cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, kisha barua ya ajira ya kwanza ya marehemu, ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha mwisho. Hizo tatu za mwisho ziko katika jalada la ofisi ya marehemu. Basi kwa nini mjane ndiye aambiwe azitafute? Tumesikia habari za mjane aliyezunguka ofisi tatu kwa mwaka mzima akitafuta barua iliyokuwa katika kabati la ofisi ya kwanza. Kila mwanachama anayetunza majalada aweza leo hii, bila waraka wala posho, kufungua jalada la mtumishi aliyebakiza miaka miwili kustaafu na kutazama kama barua zote zimo, na kama jina lililo humo ndilo lililo katika kitambulisho. Hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Mwenye jalada akifa ghafla, dakika hizo ishirini humwokolea mjane nauli ya mwaka.

Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023 ndani ya wilaya hii, na Bunge liko mwendo wa saa moja au pungufu. Hapana watumishi katika nchi hii walio karibu na masikio ya wakubwa kuliko sisi. Kwa hiyo Kamati imekubaliana kwamba Chama kiandike barua kwa Waziri mwenye dhamana ya wazee, kuomba mambo mawili tu. Ombi kubwa ni kwamba itungwe sheria ya kumlipa kila mtu aliyetimiza miaka 70 Tanzania Bara, kwa kiwango chochote ambacho Hazina yaweza kukibeba bila kukopa, kiwe chake mwenyewe wala si cha kaya. Ombi dogo, ambalo halingoji sheria, ni kwamba ule mstari uliokuwapo Chamwino mwaka 2010, wa kumhesabu mzee kwa fungu lake, urudishwe katika mpango wowote wa kunusuru kaya utakaoendeshwa.

Wako watakaosema kwamba Chama cha watumishi kishughulike na maslahi ya watumishi. Jibu letu ni fupi: wengi wetu, tarehe ya mshahara ikifika, hutuma fedha nyumbani kabla hatujanunua hata unga. Mzee akiwa na chake, mshahara wa mwanawe utatosha kuliko unavyotosha sasa. Hata asiyejali wazee na atazame mfuko wake.

Barua bila hesabu haina nguvu. Rasimu iko kwa Katibu, na nakala zitapelekwa kwa wanachama wa Mvumi, Itiso, Handali, Dabalo na Mpwayungu wasioweza kufika mjini. Kila atakayeipokea twamwomba akae na mwenyekiti wa kitongoji chake na mtendaji wa kijiji, aandike idadi ya waliotimiza miaka 70, wanaume na wanawake mbali mbali, wangapi kati yao wako katika orodha ya walengwa, na wangapi wana Kitambulisho cha Taifa. Majina yasiandikwe, ila idadi tu. Makadirio hayatakubaliwa, wahesabiwe nyumba kwa nyumba, na asiyeweza kutoka nje afuatwe ndani. Karatasi zirudi kwa Katibu kabla ya mkutano wa robo mwaka ujao.